Nyamapori mezani: tuihofu risasi isiyoonekana

Kiswahili kimeyapa majina mamoja vitu viwili: risasi itokayo kwenye bunduki, na risasi ambayo ni madini yenye sumu. Mzazi anayenunua nyamapori akumbuke yote mawili, maana ya kwanza humwua mnyama na ya pili hubaki ndani ya nyama.

Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori, hivyo swala au nyumbu si kitoweo cha kujificha tena. Hilo ni jema. Lakini sisi wa Mtumba, na Dodoma yote, tujue kinachotokea mnyama anapopigwa.

Risasi nyingi za kuwindia zina kiini cha madini hayo na ncha laini. Ikimpiga mnyama kwa kasi ya mita 700 au 800 kwa sekunde, ncha hutanuka kama uyoga na kumeguka. Kasi ikizidi, vipande huongezeka. Picha za eksirei zilizopigwa jimboni Minnesota, Marekani, mwaka 2008 zilionyesha vipande vilivyosambaa zaidi ya sentimita 25 kutoka kwenye tundu. Vingi ni vidogo mno, jino halivihisi. Risasi ya shaba tupu hutanuka pia, ila humeguka kidogo sana.

Kupika hakuondoi sumu hii, na ndimu au siki huiyeyusha zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hudhuru ubongo unaokua, uwezo wa kujifunza na utulivu, mara nyingi bila dalili yoyote. Kwa mjamzito, hupita kondo la nyuma na kumfikia aliye tumboni.

Kwa hiyo, mzazi, nunua kwenye bucha lenye leseni na uulize mnyama alipigwa wapi na kwa risasi gani. Kataa nyama iliyo karibu na jeraha, na nyama ya kusaga usiyojua ilikotoka. Usipopata jibu, watoto wadogo na wajawazito wale kuku, maharage au dagaa. Kama familia hula nyamapori mara kwa mara, mweleze daktari. Kipimo cha damu hutambua.

Nao wasimamizi wa mabucha wadai risasi za shaba. California imezuia za madini hayo katika uwindaji tangu Julai 2019. Ubongo wa mtoto wetu si wa bei nafuu kuliko wa kwao.