Elimu ya bure mtandaoni imfikie na mkulima

MWAKA 2001 chuo cha MIT cha Marekani, ambacho ada yake ni ya kutisha hata kwa Wamarekani wenyewe, kilitangaza kuwa kitaweka masomo yake kwenye intaneti ili mtu yeyote duniani ayasome bila kulipa. Mwaka 2006 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilifuata kwa kuanzisha OpenLearn. Mwaka 2012 zilianzishwa Coursera na edX, zinazokusanya kozi za vyuo vingi mahali pamoja. Leo mtu mwenye simu janja anaweza kujifunza hisabati, uhasibu, ufundi umeme, afya ya mifugo au sheria za biashara bila kukanyaga darasani.

Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sisi wa kurasa hizi tunalazimika kuuliza: mkulima wa Kongwa na muuza nafaka wa Tandale wanapata nini katika karamu hiyo? Kwa maoni yetu wanapata kidogo mno, na kinachowazuia si ada.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki dunia katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu kuvu, ambayo huletwa na ukungu unaoota kwenye nafaka. Ukungu huo hustawi mahindi yanapovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, au yanapoanikwa juu ya udongo mtupu. Kinga yake haihitaji mtambo wa mamilioni: ni kuanika juu ya turubai, kuchambua punje mbovu, na kuhakikisha mahindi yamekauka kabla ya kufunga gunia.

Hata kupima ukavu kuna njia rahisi. Chukua chupa safi, kavu na inayoonyesha ndani, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, yarudi juani. Isipoganda yako chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu wataalamu hutaka yafike asilimia 13.

Maarifa ya aina hii yapo mtandaoni bure. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina kozi za bila malipo, zikiwamo za upotevu wa mazao baada ya mavuno. Tatizo ni kwamba nyingi ziko kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Access Agriculture ina video za wakulima kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, lakini ni wakulima wangapi vijijini wamewahi kusikia jina hilo?

Kiuchumi, kitu cha bure nacho kina gharama. Video hula kifurushi, na muda wa kuitazama hutolewa kwenye muda wa shamba au duka. Hata hivyo tupige hesabu. Tuseme gunia la mahindi linauzwa Sh60,000 na mkulima hupoteza magunia mawili katika kila 10 kwa wadudu na ukungu. Hiyo ni hasara ya Sh120,000. Kifurushi cha Sh2,000 kikichangiwa na wanakikundi 20, kila mmoja anatoa Sh100. Mmoja anapakua somo, wengine wanarushiwa kutoka simu hadi simu. Hakuna pembejeo yenye bei hiyo.

Tunatoa pia tahadhari tatu. Kwanza, kusoma bure si lazima iwe kupata cheti bure; kozi nyingi hudai malipo mwishoni kwa anayetaka cheti. Anayetafuta ujuzi wa kutunza hesabu za duka hana haja ya cheti hicho. Pili, wapo wajanja wanaowauzia watu masomo ambayo wenyewe wameyatoa bure. Kabla ya kutuma fedha, uliza kwanza. Tatu, ushauri wa mbolea uliotolewa kwa mashamba ya Marekani unaweza kumtia hasara mkulima wa Singida, kwa kuwa udongo, mvua na mbegu havifanani. Somo la mtandaoni limsaidie mkulima kumuuliza ofisa ugani maswali mazuri zaidi, lisichukue nafasi yake.

Kazi kubwa imebaki kwa taasisi zetu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina wataalamu wa karibu kila zao tunalolima. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha watu walio mbali tangu mwaka 1994. Tunavishauri viongeze masomo mafupi ya Kiswahili chepesi, ya dakika tano hadi 10, yanayofunguka hata kwenye simu ya bei nafuu. Kampuni za simu nazo zifikirie kuyafungua masomo hayo bila kukata kifurushi. Halmashauri ziwape maofisa ugani jukumu la kuyafikisha kwenye vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa, ambako watu hukutana tayari.

Mlipakodi huchangia gharama za utafiti unaofanyika katika vyuo vya umma, na wengi wa walipakodi hao ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Si sawa MIT iwe imefungua milango yake kwa dunia nzima zaidi ya miaka 20 iliyopita, huku matokeo ya utafiti wa mahindi yetu yakiendelea kukaa kwenye makabati, kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi.