Honorable, kazi ya kwanza umeimaliza?

Honorable wa jimbo alipita kwetu na tishati na chumvi, tukamuchagua, akapotea. Leo picha zake zimerudi: anataka kuwa seneta, ao gavana. Safari hii hatuhitaji. Katiba, vifungu 104 na 198, inaachia kura hiyo wabunge wenzake wa jimbo. Sisi tutaangalia tu. Mbele ya kura ya seneti ya mwezi wa 3, 2019, wagombea kadhaa walijiondoa wakisema wabunge waliwaomba pesa. Ndiyo soko anamoingia.

Na kifungu 197 kilisha kumupa kazi: kuchunguza serikali ya jimbo. Honorable, ni waziri gani ulimuita akueleze ile barabara? Tarehe gani? Tunangojea jibu. Nyimbo zako za kusifu wakubwa tumezisikia.