Mwanasesere hanunuliwi kwa kuonwa uso tu

Majuma machache yaliyopita, mwalimu mmoja wa shule ya upili ambaye zamani nilimfundisha isimu aliniletea picha kwa simu akitaka rai yangu. Ilikuwa picha ya mwanasesere wa kale mwenye kichwa cha kauri, rangi ya kahawia iliyokoza, macho ya kioo na nywele nyeusi zilizosokotwa. Muuzaji, aliyeko Ujerumani, alimwita "mtoto wa Kiafrika" na alikuwa akitaka shilingi elfu 38, kabla ya ushuru na gharama za kusafirisha. Mwalimu huyo hukusanya wanasesere kwa pesa zake mwenyewe na kuwatumia darasani anapofundisha jinsi watu wanavyowasawiri watu wengine. Alikuwa amekwisha kuazimia kununua. Alichotaka kujua ni kama bei ilikuwa ya haki.

Nilimjibu kwamba siwezi kusema lolote kuhusu bei maadamu sijamwona mwanasesere mwenyewe. Akanijibu, kwa adabu lakini kwa mshangao: "Lakini Daktari, si huyo hapo kwenye picha?"

Hapana shaka wapo wasomaji watakaojiuliza mhadhiri mzima ana shughuli gani na vitu vya kuchezea watoto. Nitawaomba wavumilie kidogo, kwani swali la mwalimu huyu ni swali la maana na ni kosa ambalo hata mimi nililifanya.

Kiswahili kina neno uso na kina neno sura. Mara nyingi twayatumia kana kwamba ni neno moja, ilhali sivyo. Uso ni upande unaotuelekea. Ndiyo maana twasema uso wa maji na kukutana uso kwa uso. Sura ni umbo zima la kitu, namna kilivyo hata kikigeuzwa. (Sura ya kitabu ni habari nyingine kabisa: Kiarabu kina maneno mawili tofauti, nasi tukayameza yote mawili kwa matamshi mamoja.) Picha moja iliyopigwa kwa mbele yaweza kukuonyesha uso. Sura haikuonyeshi. Na mtu anayetoa elfu 38 ananunua sura.

Jambo hili nilifundishwa nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, kusini mwa Ujerumani. Wasomi wengi wa lugha kutoka Kenya wamepitia huko, lakini ni wachache wetu waliotambua kwamba tulikuwa tukiishi jirani na makao ya kale ya biashara ya wanasesere. Safari ya gari isiyotimia saa mbili kuelekea kaskazini hukufikisha Sonneberg, mji wenye jumba la makumbusho ya vitu vya kuchezea lililoanzishwa mwaka wa 1901. Kwenye kitongoji cha Köppelsdorf, ambacho leo ni sehemu ya mji huo, kiwanda cha Armand Marseille kilitengeneza vichwa vya kauri kwa wingi kuanzia miaka ya 1890. Kwingineko katika eneo hilohilo la Thuringia kulikuwa na viwanda vya Kestner na vya Simon & Halbig. Vichwa hivyo vilivuka bahari hadi Uingereza na Marekani, na leo wakusanyaji huvitafuta kama watu wengine wanavyotafuta stempu za kale.

Jumamosi moja nilikuwa nikizunguka katika soko la vitu vikuukuu, nikamwona mwanasesere mweusi mezani kwa bibi mmoja mzee. Nilivutiwa. Nilikuwa nimekaa miezi kadhaa bila kuona sanamu wala picha ya mtu mwenye rangi yangu isipokuwa kwenye makopo ya kahawa. Nikatoa pesa mfukoni. Bibi yule akazikataa! Akamchukua mwanasesere, akamweka kwenye kiganja, na kuanza kumzungusha taratibu mbele ya macho yangu, kama mtu anayekagua yai. Alinieleza kwamba hajawahi kuuza kichwa kwa mtu aliyekitazama kwa mbele tu, kwa kuwa watu wa aina hiyo hurudi kesho yake kulalamika.

Maelezo yake nayakumbuka hadi leo. Kichwa cha kauri hupita katika mikono ya mafundi wawili. Wa kwanza ni mfinyanzi, anayechonga umbo ambalo kwalo hutengenezwa kalibu ya plasta. Udongo laini humiminwa ndani ya kalibu hiyo, hukauka, hutolewa na kuchomwa. Wa pili ni mpaka rangi, anayeweka nyusi, kope, midomo na wekundu wa mashavu. Ukimtazama mwanasesere kwa mbele, kinachokushika ni kazi ya brashi. Ukimgeuza ubavuni, brashi haina la kusema tena. Unaiona kazi ya mfinyanzi peke yake: paji la uso linavyoshuka, pua inavyoanza na kuishia, mdomo ulivyotokeza au ulivyozama, kidevu kilivyokaa. Mpaka rangi hodari aweza kuuficha ufinyanzi dhaifu usiuone ukiwa mbele yake. Ukiwa ubavuni hawezi.

Baina ya mbele na ubavu kuna pembe ya hanamu, nayo wakusanyaji wengi huithamini kuliko zote. Hapo ndipo macho hujaribiwa. Ikiwa jicho moja limezama kuliko lenzake, kwa mbele hutalitambua, lakini kwa hanamu mwanasesere ataonekana ana makengeza. Macho ya wanasesere wa Jumeau, waliotengenezwa Ufaransa katika karne ya 19, yalisifiwa kwa sababu sehemu yenye rangi iliwekwa chini ya kuba la kioo kisicho na rangi; ukisogea, huonekana kama yanakufuata. Wanasesere wa kisasa wa Super Dollfie, ambao kampuni ya Volks ya Japani ilianza kuwauza mwaka wa 1999, nao hupendwa kwa hali kama hiyo, kwa kuwa macho yao hupachikwa kutoka ndani ya kichwa. Macho yaliyochorwa yakitazama upande mmoja hufanya kinyume: ukiwa upande huo anakutazama, ukihamia wa pili anakukwepa. Mtu atakayemweka kwenye rafu iliyo kushoto mwa mlango ni heri ajue hilo mapema.

Kisha mtazame akiwa amekuinamia, halafu akiwa amekuinulia kidevu. Wajapani waliozoea mchezo wa Noh hawahitaji kuambiwa hili, maana kinyago kimoja cha mchezo huo, kisichobadilika hata chembe, huonekana kuchangamka kikiinuliwa na kuhuzunika kikiinamishwa, kwa sababu vivuli vinahama. Kichwa cha mwanasesere hakina tofauti. Yule anayetabasamu mezani aweza kuwa na huzuni akiwekwa juu ya kabati.

Mengine ni ya haraka. Vua nywele za bandia, washa tochi ndani ya kichwa, na ufa mwembamba kama unywele utajitokeza. Pitisha kidole karibu na masikio ambako sehemu mbili za kalibu zilikutana. Soma nambari iliyo kisogoni. Na iwapo unanunua kwa picha, mwambie muuzaji asisogeze simu karibu mno, kwa sababu kamera iliyo karibu hukuza pua na kubana masikio. Arudi nyuma hatua mbili au tatu, kisha aivute picha.

Turudi kwa yule mwanasesere mweusi wa sokoni. Bibi alipomgeuza ubavuni nilipigwa na butwaa. Pua ile, midomo ile na kidevu kile nilikuwa nimeviona meza tatu nyuma, juu ya kichwa cheupe chenye mashavu ya waridi. Kalibu ilikuwa ileile. Nambari ya kisogoni ilikuwa ileile. Alipomwondoa nywele, ndani ya kichwa mlikuwa meupe pe. Kahawia ilikuwa imepakwa juu tu. Uafrika wake wote ulikuwa kazi ya brashi.

Sikusudii kudai kwamba viwanda vyote vilifanya hivyo. Simon & Halbig walikuwa na kalibu ya nambari 1358, iliyofinyangwa mahususi kwa mwanasesere mweusi, na wakusanyaji huililia hadi leo. Wengine walikosea kwa upande wa pili, wakatengeneza vikaragosi vyenye midomo kama mikate na macho ya kutoka nje, vya kuchekwa. Lakini kutumia kalibu ya mtoto mweupe na kubadili rangi lilikuwa jambo la kawaida, na halikuishia na kauri. Mwaka wa 1967 kampuni ya Mattel ya Marekani ilimtoa Francie mweusi kwa kalibu ya kichwa ya Francie mweupe. Mwanasesere wa kwanza mweusi kupewa jina la Barbie, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins, alitoka mwaka wa 1980. Ilipofika 2009, kampuni hiyo ilipotoa wanasesere wa So In Style waliobuniwa na Stacey McBride-Irby, kufinyangwa upya kwa pua na midomo bado kulikuwa habari ya kutangazwa.

Walimu waliosoma saikolojia ya elimu watakumbuka jaribio la Kenneth na Mamie Clark. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia hao, Wamarekani weusi, waliwaonyesha watoto wanasesere waliofanana kwa kila hali isipokuwa rangi, na watoto weusi wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulitajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka wa 1954 uliobatilisha utengano wa rangi shuleni. Huwa nalifundisha jaribio hilo, na siku zote nimelieleza kama nilivyoelezwa: kwamba usawa wa wanasesere wale ndio uliolipa nguvu, kwa kuwa rangi pekee ndiyo iliyotofautiana. Ni kweli. Lakini tangu siku ile ya sokoni nimekuwa nikifikiri kwamba watoto wale hawakuwekewa mbele yao sura mbili. Waliwekewa sura moja, mara katika rangi yake, mara katika rangi ya kuazima. Hilo halipunguzi hata kidogo uzito wa majibu yao. Lakini mwanafunzi wa ualimu anastahili kuambiwa.

Nimewahi kumweleza haya mwenzangu mmoja chuoni, akanipinga vikali. Alisema ninatafuta ile "pua ya Kiafrika" ambayo wakoloni waliipima kwa rula. Je, pua ya Msomali, ya Mkikuyu na ya Mbajuni ni moja? Nani ana haki ya kumtazama mwanasesere ubavuni na kusema huyu si wetu? Hoja yake ni nzito nami naikubali nusu. Hakuna ubavu mmoja wa uso wa Mwafrika, na anayeununua mwanasesere kwa kumpima pua anarudia ujinga wa zamani. Hata hivyo, hilo silo swali ninalouliza ninapomgeuza. Ninachouliza ni kama mfinyanzi aliwahi kumtazama mtu yeyote mweusi kabla ya kushika udongo. Aliyemtazama huacha alama: namna taya lilivyojaa, namna sikio lilivyokaa, tofauti ndogo ndogo zisizo za kila mtu, bali za mtoto fulani aliyekaa mbele yake. Asiyemtazama hukabidhi kazi yote kwa brashi. Na muuzaji anayetoza bei ya wa kwanza kwa wa pili anamdanganya mnunuzi, awe amejua au hakujua.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba picha ya ubavuni si anasa ya wakusanyaji matajiri. Shule zetu hununua wanasesere kwa madarasa ya chekechea wakiwa ndani ya maboksi yenye dirisha la plastiki, nayo madirisha hayo huonyesha upande mmoja tu. Mwalimu huona kahawia akaridhika. Sidhani kwamba ni kazi kubwa kufungua boksi moja dukani na kumgeuza aliyemo.

Tukirudi kwa yule mwalimu, nilimwagiza aombe picha tano: hanamu ya kulia na ya kushoto, ubavu, kisogo, na ndani ya kichwa. Muuzaji alisitasita kwa siku nne, kisha akazileta. Ndani mlikuwa meupe. Nambari ya kisogoni mwalimu aliitambua mara moja, kwa kuwa katika kabati lake anaye mwanasesere mweupe mwenye nambari hiyohiyo. Nilitarajia aachane na mpango huo, lakini sasa anamtaka kuliko mwanzo. Anasema atawaketisha wawili hao sambamba, ubavu ukilielekea darasa, na kuwaambia wanafunzi waandike wanachokiona kabla hajawageuza. Ila bei ya "mtoto wa Kiafrika" hailipi tena, na amemwambia muuzaji hivyo waziwazi. Kufikia jana jioni muuzaji alikuwa ameshuka hadi elfu 29. Nimemshauri asubiri.