Mtafiti wa Vikundi vya Imani: Hakimu au Shahidi?

Kijana aiachapo nyumba ya wazazi wake na kuwafuata watu wa imani mpya, jamaa hunena upesi kwamba ametiwa kasumba. Neno hilo hutuliza uchungu, lakini halielezi jambo. Mwanasayansi hana budi kuuliza: walialikwa wangapi, wakakubali wangapi, na wangapi walibaki?

Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Eileen Barker, mwanasosholojia wa Uingereza aliyekuwa mwigizaji kabla ya kuingia katika taaluma hiyo. Katika miaka ya 1970 alianza kukichunguza kikundi cha Sun Myung Moon, mhubiri kutoka Korea. Alikaa na wafuasi, akawahoji, akazungumza pia na wazazi na waliojitoa. Kitabu chake cha mwaka 1984 kilionyesha kwamba kati ya watu zaidi ya 1,000 waliohudhuria mafunzo ya kikundi hicho huko London mwaka 1979, takriban tisa katika kila kumi hawakujiunga. Wengi wa waliojiunga nao walijitoa wenyewe katika muda wa miaka miwili. Lau mafunzo yale yangalikuwa na nguvu ya kupora akili, wengi kiasi hicho wasingaliweza kukataa.

Wapinzani wa kikundi walimlaumu, hasa kwa kuhudhuria mikutano iliyogharimiwa na watu wa Moon. Lawama hiyo si ya kupuuzwa: mtafiti sharti atangaze nani aliyemlipia. Hata hivyo, akaaye mbali huambulia uvumi. Mwaka 1988 Barker alianzisha Inform, shirika la kuwapa jamaa na wakuu wa serikali habari zilizopimwa.

Takwimu zake hazisemi kwamba kila kikundi ni salama, zinatufunza kutofautisha. Tukiviita vyote vipotofu, kile chenye kuua hujificha miongoni mwa visivyo na madhara. Katika Afrika ya Mashariki tunajua gharama yake. Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea kanisani. Shakahola, Kenya, tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mara zote mbili tume za uchunguzi ziliundwa baada ya vifo.

Basi vyuo vikuu na mabaraza yetu ya utafiti viwagharimie watafiti wachache wakae na vikundi hivyo kwa miaka, si kwa juma moja. Mtu wa namna hiyo huenda akaona mapema siku mahubiri ya kufunga yanapogeuka kuwa amri ya kufa.