Sauti Ndiyo Hukipaisha Chombo

Husikika mara kwa mara, hata miongoni mwa walimu, kwamba riwaya ya kisayansi haiwezi kunoga kwa Kiswahili kwa sababu sisi hatuna roketi. Hoja hii haina mashiko. Jules Verne aliwarusha wasafiri wake kuelekea mwezini mwaka 1865, miaka 104 kabla ya binadamu kuukanyaga, na wasomaji wakamfuata.

Tuitazame Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa chomboni na kurushwa angani. Badala ya kufa, anafika katika sayari ya watu waungwana. Ukiisimulia kwa ukavu huo, ni porojo tupu. Lakini Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka 1986, anayajua makali ya dola, na sauti yake ina dhihaka kwa wakubwa na huruma kwa mnyonge. Ndiyo maana msomaji haulizi chombo kinatumia mafuta gani. Hata jina la sayari ni la kusikiwa: litamke polepole, nawe utasikia "wale ni sisi". Anayelipitia kwa macho tu amepunjika.

Sisemi riwaya hii haina dosari. Kuna mahali sauti hugeuka ya mhadhara, na hapo raha hupungua, ingawa yanayosemwa ni ya maana yale yale.

Watoto wa Kasigau wana masikio yaliyokwisha kuandaliwa kwa kisa kama hiki. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha wazee wao kwa nguvu hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Kitabu cha historia hulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Mzee ajuaye kusimulia hulipa jioni nzima, na msikilizaji akaona vumbi la njiani. Mtoto aliyelelewa na simulizi ya kung'olewa kwao atashindwaje kupanda chombo pamoja na Dzombo?

Kinachomzuia ni sisi walimu. Kabla hajaisikia riwaya, tumekwisha kumwamuru aorodheshe dhamira, wahusika na tamathali, kana kwamba anahesabu magunia ghalani. Ombi langu ni dogo: kurasa za kurushwa kwa Dzombo zisomwe kwa sauti, darasa zima likisikiliza, kabla mtu yeyote hajafungua daftari.