Ushairi Nao Una Geti Kali

Ndugu zangu wapenzi wa tungo, nimechoka kusikia barazani petu kwamba wanarapu wamekiua Kiswahili. Ukimwuliza asemaye hivyo ni wimbo gani aliousikiliza kwa utuvu mpaka mwisho, hukujibu kwa kubetua mdomo. Hukumu imeshatoka, shahidi hata hajaitwa. Nami sijitoi, nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 2001 nilivuka bahari kwa kazi ya tafsiri, nikafikia kwa jamaa zangu Chang'ombe, wilaya ya Temeke. Ndani ya daladala kanda ilikuwa ikilia. Walikuwa Gangwe Mobb, yaani Inspekta Haroun na Luteni Karama, vijana wa Temeke hiyo hiyo, na albamu yao ikiitwa Simulizi la Ufasaha. Nililicheka jina. Ufasaha gani, nikasema, kwa watu wasiohesabu mizani? Abiria wenzangu hawakunisaidia kucheka. Walikuwa wakiimba, konda akiwaongoza.

Mtindo wake Inspekta Haroun uliitwa rap katuni, na kwa jina hilo wengi wetu tulipata kisingizio cha kumpuuza. Mwenye kuchekesha, tulidhani, hana la kusema. Tulisahau kwamba mzaha ni mlango wa kale wa washairi wa pwani. Hebu tupime maneno mawili tu: geti kali. Wimbo wao Mtoto wa Geti Kali uliyatia maneno hayo vinywani mwa watu. Ndani yake umo ukuta, yumo mlinzi, imo fedha ya baba, na nje amesimama kijana asiye na cha kumfungulia lango. Ni diwani ngapi zetu za miaka hiyo zilizoupatia jina utengano wa matajiri na makabwela kwa ufupi namna hiyo?

Au chukueni ngangari. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa uzito wake. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 wafuasi wa CUF walilipaza Unguja, Pemba na bara. Neno hilo hilo lilikuwa wimbo wa Gangwe Mobb. Lugha inayotembea kutoka uchochoroni hadi jukwaa la siasa haijafa. Labda waliolala ni walinzi wake.

Naijua hoja ya arudhi. Nami nilijifundisha utunzi bila mwalimu, kwa Sheria za Kutunga Mashairi za Sheikh Kaluta Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, na sitakitupa. Lakini Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 kiliambiwa si ushairi, na leo kinafundishwa vyuoni. Mwanarapu naye ana vina, na mizani yake huipima kwa ngoma. Akikosea pigo, wasikilizaji humzomea pale pale. Sisi tukijaza kina kwa neno lisilo na kazi, husifiana.

Sisemi kila wimbo wa Temeke ni lulu. Mwingi una majigambo matupu, na mzaha wa rap katuni mara nyingine huishia kuwa mzaha tu. Siombi wavishwe taji. Naomba wapimwe kwa mizani ile ile tunayopimiana sisi.

Tena tuna haraka. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Lau Mwalimu Sikujua asingezihifadhi tungo zake, na W. E. Taylor asingeziandika, Hichens asingekuwa na diwani ya kuchapisha mwaka 1940. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeuza vyungu, alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert, ambaye hakuna amshutumuye kuharibu lugha, hakuona haya kuandika wasifu wake. Tungo za Temeke zimemngoja nani?

Pale Chang'ombe kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu tangu mwaka 2005, mahali palipokuwa chuo cha ualimu. Walimu wa Kiswahili hufunzwa hapo, karibu kabisa na mitaa iliyoyazaa maneno haya. Wanafunzi wake na watoke wakatafute kanda, wawaendee watunzi, kwani wengi wa kizazi hicho wangali hai, waandike maneno yote neno kwa neno pamoja na maana zake. Sisi wa majarida tuyachapishe na kuyahakiki, tukikemea palipo na ovyo.

Wakati wa kurudi nilinunua kanda ile Kariakoo, nikaificha chini ya nguo mkobani, kwa kuwaonea haya washairi wenzangu. Unyevu wa Unguja umeila. Upande wa pili hausikiki tena. Maneno yake sikuyaandika, ingawa kalamu nilikuwa nayo miaka yote hiyo.