Samaki wa Mtera: Tunakula mtaji tukidhani ni faida

Wiki hii meza za samaki katika Soko Kuu la Iringa hazikuwa tupu. Perege wapo, kambale wapo, na wachuuzi wanaita wateja kama kawaida. Anayetazama bei peke yake ataandika kwamba soko la samaki limetulia. Lakini anayenunua kila siku anajua jambo ambalo bei haisemi. Fungu ni lile lile, ila samaki waliomo wameongezeka idadi na kupungua ukubwa. Bidhaa inapopungua uzito bei ikabaki pale pale, ukweli ni kwamba bei imepanda.

Ukurasa huu kwa kawaida hujadili mahindi, mchele, viazi na hisa. Leo tujadili samaki, kwa sababu wapo wasomaji wengi wa Iringa na Mbeya walioweka fedha zao katika mitumbwi, nyavu na matenga, na wengine wanaotaka kufanya hivyo. Hoja yangu ni moja. Faida tuliyokuwa tukiipata Mtera kwa miaka ya karibuni, sehemu yake kubwa haikuwa faida. Tulikuwa tunauza ghala pamoja na bidhaa.

Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma, ili kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme Kidatu, na maji yalijaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kituo cha umeme cha Mtera chenyewe, chenye uwezo wa megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Samaki hawakuwamo katika hesabu za wahandisi. Walikuja wenyewe na mto, wakakuta nchi iliyofunikwa maji, majani na miti iliyooza ikawa chakula chao. Wavuvi nao wakafuata kutoka kwenye maziwa mengine, wakajenga madago kando ya maji.

Kwa miaka mingi bwawa lilijilinda lenyewe bila askari. Ulinzi wake ulikuwa ubovu wa barabara. Samaki ambaye hakuuzwa siku ile ilibidi akaushwe kwa moshi au akaangwe, na kuni na nguvu za watu zina mwisho. Hata mvuvi mwenye tamaa alilazimika kuacha samaki majini, kwani kumtoa nje bila mnunuzi ilikuwa hasara.

Kinga hiyo imeondoka kwa mambo matatu. La kwanza ni lami. Barabara ya Iringa hadi Dodoma, takriban kilomita 260, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na safari iliyokuwa adhabu ikawa ya saa chache. La pili ni Dodoma yenyewe. Serikali ilitangaza kuhamia huko mwaka 2016, na sensa zinaonyesha kwamba wakazi wa Dodoma mjini waliongezeka kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Watu wote hao wanakula, na wengi wao wana mshahara wa mwezi. La tatu ni barafu. Tajiri anayefika mwaloni alfajiri na maboksi yake ya barafu hana haja ya kuni wala chanja. Ananunua chochote kinachotoka majini, kikubwa na kidogo, na simu yake imekwisha kumpa bei ya Dodoma kabla mtumbwi haujafika nchi kavu.

Sisemi kwamba lami, makao makuu na barafu ni vitu vibaya. Ni maendeleo, nasi tulivililia. Nasema tulifungua mlango wa ghala bila kuweka daftari mlangoni.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mjomba wangu alistaafu utumishi mwaka 2020, akaniuliza mimi, kijana wake aliyesoma biashara, kiinua mgongo akiweke wapi. Mimi ndiye niliyemwandikia mchanganuo wa mitumbwi miwili na nyavu zake Mtera. Ulikuwa mchanganuo mzuri, wenye gharama za mbao, nyavu, leseni, posho za wavuvi na usafiri. Kitu kimoja tu sikukiandika, nacho ni idadi ya mitumbwi mingine itakayoingia bwawani mwaka ule ule kwa mchanganuo ule ule.

Mwaka wa kwanza fedha ilirudi vizuri, na mjomba akanisifu mbele ya watu. Mwaka wa tatu alinionyesha daftari lake. Mapato ya mwezi hayakuwa yameshuka sana, kwa sababu bei ilikuwa imepanda. Lakini tenga lililokuwa likijaa kwa usiku mmoja sasa lilichukua siku tatu, na wavuvi wake walikuwa wanamshawishi anunue nyavu za tundu dogo zaidi. Alikataa, wakamhama. Aliuza mitumbwi yote miwili kwa bei ya mbao chakavu. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Chuoni tulifundishwa jambo hili na hatukulielewa. Mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alilieleza mwaka 1954 kuhusu uvuvi. Mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kuingia, watu wataendelea kuingia hadi faida ya wote iishe. Mvuvi anayeacha samaki mdogo akue hapati thawabu, kwani jirani atamvua kesho. Basi kila mmoja anafanya lenye akili kwake, na wote kwa pamoja wanafilisika.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa hesabu tu. Una akaunti ya shilingi milioni 100 inayozaa asilimia 20 kwa mwaka. Ukichukua milioni 20 kila mwaka, utachukua maisha yako yote na mtaji utabaki. Ukiamua kuchukua milioni 35, mwaka wa kwanza utabaki na 85, wa pili 67, wa tatu kama 45, wa nne chini ya 20. Mwaka wa tano unakwenda benki kuchukua 35 zako, unaambiwa zimebaki kama 23. Miaka minne ya kwanza ulionekana tajiri kuliko jirani yako mwenye subira. Ifikapo mwaka wa tisa yeye amekwisha kuchukua milioni 180, na milioni 100 zake zipo. Wewe ulichukua 163, na akaunti imefungwa.

Perege ni akaunti ya namna hiyo. Dume huchimba kiota katika mchanga wa maji mafupi, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Maji ya Mtera yanaposhuka wakati wa kiangazi, samaki husongamana na kuwa rahisi kuvuliwa. Kokoro linaloburutwa kwenye maji mafupi huvunja viota na kukusanya vifaranga pamoja na wazazi. Ni kuchukua riba, mtaji na kitabu cha akaunti kwa mkupuo mmoja.

Anayedhani natia chumvi atazame walioanguka kabla yetu. Bwawa la Nyumba ya Mungu katika Mto Pangani lilijengwa katikati ya miaka ya 1960. Wavuvi walimiminika, mavuno yakapanda haraka hadi karibu mwaka 1970, kisha yakaporomoka katika muda wa miaka michache. Bwawa jipya huwa na neema ya miaka ya mwanzo kwa sababu ya rutuba ya ardhi iliyozama, na neema hiyo haijirudii. Ng'ambo ya Kyela, nchini Malawi, chambo wa Ziwa Malombe waliporomoka kuanzia miaka ya 1980 baada ya nyavu za tundu dogo kuenea, na samaki wadogo wasio na bei wakachukua nafasi yao. Hata matajiri hawakusalimika. Mwezi Julai 1992 Kanada ilisimamisha uvuvi wa chewa wa Newfoundland, watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Walitangaziwa miaka miwili. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024.

Na kwetu karibu zaidi, anayeshuka kutoka Iringa kwenda Mtera hupita Isimani. Wazee wanakumbuka Isimani ya miaka ya 1950 na 1960, mahindi yakijaza malori na watu wakitajirika kwa msimu mmoja. Ardhi ile ililimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa, rutuba ikachoka, na wenye fedha wakatafuta pengine. Barabara ni ile ile, somo ni lile lile, bidhaa tu ndiyo imebadilika.

Wapo watakaonijibu kwamba mvuvi ana watoto, na tumbo halisubiri kanuni. Ni kweli, wala simtupii mvuvi lawama yote. Wavu wa tundu dogo haukununuliwa na mvuvi. Mara nyingi umenunuliwa na tajiri aliyeko mjini, aliyempa kwa mkopo kwa masharti kwamba samaki wote wauzwe kwake. Wasomaji wa ukurasa huu ndio sehemu ya matajiri hao. Kwa hiyo tusingoje serikali ije kuchoma nyavu kama ilivyofanya Ziwa Victoria katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018. Wavu ukichomwa, aliyeungua ni mwenye mtaji.

Wengine watasema Mtera ikichoka tutahamia Ziwa Rukwa, au tutashuka Kyela. Hayo ndiyo mawazo yaliyotufikisha hapa. Rukwa ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutoka, na historia yake ni ya kujaa na kukauka. Mwaka 1949 lilikaribia kwisha. Ukipeleka huko mitumbwi yote iliyoshindwa Mtera, utakuwa umehamisha msiba. Na wanunuzi wa Soweto na Mwanjelwa, Mbeya, ambao wanategemea maziwa hayo, hawatakushukuru.

Sasa tufanye nini? Kwanza, sisi wanunuzi tukatae samaki mchanga. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza zana haramu, lakini askari hawezi kukesha katika kila mwalo, na samaki mdogo asiye na mnunuzi hana faida kumvua. Tukipatana wanunuzi wakubwa wa Iringa na Dodoma, na kuwahusisha vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, tutafanya zaidi ya doria kumi.

Pili, tuunge mkono bwawa kupumzishwa kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana mapema. Biashara inaweza kuvumilia kufungwa, haiwezi kuvumilia kushtukizwa. Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kama ziwa la nchi nne lilifungwa, bwawa la mikoa miwili halishindikani. Lakini mapumziko bila kikomo cha idadi ya mitumbwi ni kazi bure, kwani siku ya kufungua kila mwenye mbao ataingia, na akiba ya miezi mitatu italiwa kwa wiki tatu. Leseni ziwe na idadi, na idadi itokane na ushauri wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, si na mahitaji ya ushuru wa halmashauri.

Tatu, tusisahau maji yenyewe. Ruaha Mkuu unapita bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kwenye mashamba ya mpunga, na tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mchele wa Mbarali na perege wa Mtera wanakunywa mto mmoja. Mfereji unaovuja maji huko juu ni hasara ya mchuuzi wa samaki huku chini, hata kama hawajuani.

Nne, mwekezaji mdogo mwenye fedha mkononi leo asinunue mtumbwi mpya. Anunue boksi bora la barafu ili samaki waliovuliwa wasioze, au achimbe bwawa la kufugia karibu na nyumbani kwake. Faida ya hapo ni ndogo na inakuja polepole, lakini ni yako, na jirani hawezi kuivua usiku.

Naandika haya sasa kwa sababu ziwa jingine limezaliwa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, kubwa kuliko Mtera, lilianza kujazwa Desemba 2022, na maji ya Ruaha Mkuu huishia huko. Nimekwisha kusikia vijana wakipiga hesabu za mitumbwi, kwa shauku ile ile niliyokuwa nayo nilipomwandikia mjomba mchanganuo wake. Samaki wa miaka ya mwanzo watakuwa wengi na wanono, na kila mtu ataonekana mjanja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bwawa halina ukurasa wa bei tu. Msomaji, utakapokwenda mwaloni wiki ijayo, usiulize kilo shilingi ngapi peke yake. Uliza tenga limejaa kwa siku ngapi, na lina samaki wangapi. Majibu hayo mawili yakipanda kwa pamoja, toa fedha yako mapema.